Mkulima, Mbolea

Kwa miaka tisa nimepokea simu za kipindi cha mjadala cha asubuhi. Nauliza jina, unakopiga na unachotaka kusema, naandika kwenye daftari. Mtangazaji, aliyeketi kando yangu, anachungulia na kubonyeza laini anayoitaka.

Zamani watu walitaja majina matatu, mpaka la babu, wakamchambua waziri mpaka mgeni wetu studioni akaomba maji. Baada ya uchaguzi wakaficha majina, kila mmoja akajiita "Mpenda Amani". Siku hizi wanauliza habari za mbolea na kushukuru uongozi. Wageni waliokuwa wakigonga meza sasa wanakaa kama maharusi.

Tangu mwezi uliopita, kipindi kikiisha, bwana mmoja mpole huja kuchukua daftari. Analipeleka wapi, sijui. Sikuuliza.

Jumanne, laini ya nne ikalia.

"Shikamoo mama."

Mwanangu, mwalimu wa hesabu.

"Marahaba. Kata, niko kazini."

"Nami nimepiga kipindi. Andika: walimu wenzangu wawili wamechukuliwa, nauliza wako wapi."

"Basi jiite Mpenda Amani."

"Huyo amepiga mara ngapi? Kajibiwa?"

"Mimi si mwenzio!"

"Samahani mama. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuwa asiyetaja jina ni mmbea tu."

Ningekata, angepiga tena. Ukaidi kaurithi kwangu. Nikaamua kumsubirisha kwenye laini mpaka muda uishe. Ili jina lake lisionekane daftarini, nikaandika: Laini ya nne. Mkulima, mbolea.

Ujanja wa nyani huo. Mgeni wa siku hiyo alikuwa mkubwa, na mtangazaji jasho lilimtoka akitafuta swali lisilo na miiba. Macho yakatua kwenye mbolea. Nikamshika mkono. Vipaza sauti vilikuwa wazi, nisingeweza kusema; akautoa mkono wangu taratibu, akabonyeza.

"Karibu, mkulima wetu!"

Mwanangu akataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Akataja shule. Akauliza. Mgeni akatazama saa. Yakawekwa matangazo.

Yule bwana wa daftari alikuja mapema kuliko kawaida. Akapitisha kidole kwenye ukurasa mpaka laini ya nne, akanirudishia daftari likiwa wazi.

"Huyu hukumwandika vizuri, mama."

Alisubiri. Nikafuta mbolea, nikaandika majina yote matatu.

"Asante," akasema, kama siku zote.