Mama Povu Asoma Chupa

Mama Povu, dobi, alisoma kwa vifuniko. Chupa yenye kifuniko chekundu ni dawa ya kutakatisha nguo nyeupe; ya buluu ni ya kulainisha. Basi. Miaka nenda miaka rudi alifua hivyo bila lawama, mpaka kiwanda kilipobadilisha vifuniko bila kumwuliza. Sare za kijani za wauguzi zikatoka kwenye beseni na mabaka kama ng'ombe.

Mwenye duka la udobi, shemeji yake, hakugomba. Heri angegomba.

"Shemeji, kuanzia sasa kaa kwenye pasi. Kufua tutatafuta anayejua kusoma."

Uso ulimwiva. Kufua ndiyo kazi aliyoipenda, na humo dukani hakuna aliyemfikia.

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi."

"Au nikupakie alama za rangi kwenye chupa, yaishe."

"Rangi nimeshazikoma, Shemeji. Nataka maneno."

Nyumbani alimganda mke wa mwanawe kama kupe. Kila alasiri walikaa jikoni, na herufi zikamtoa jasho kuliko mablanketi. Mkwe alipocheka, alimwambia, "Cheka tu, mwanangu, lakini usiondoke." Akasoma pakiti ya chumvi, akasoma kibiriti, akasoma fulana ya mumewe kifuani mpaka mzee wa watu akaanza kuivaa nje ndani.

Mwezi ulipoisha, shemeji alimwekea chupa mbili zilizovuliwa vifuniko.

"Ku-la-i-ni-sha," akasoma. Akashika ya pili. "Ku-ta-ka-ti-sha."

"Haya, umeshinda. Rudi kwenye beseni."

Lakini Mama Povu hakuiachia chupa. Chini ya neno hilo palikuwa na maandishi madogo, naye akayafuata kwa kidole, neno baada ya neno.

"Tumia mahali penye hewa. Mvuke wake hudhuru macho na mapafu."

Macho yalimwasha kila jioni, na kifua kilimbana, naye akausingizia uzee. Kumbe chupa ilikuwa ikimwambia siku zote hizo, mkononi mwake mwenyewe. Akatazama dirisha pekee la chumba cha kufulia, ambalo shemeji alilipigilia misumari ili vumbi lisichafue nguo safi.

"Nyundo iko wapi?"

"Shemeji, hilo tutalizungumza."

"Tutazungumza," akasema, huku akipandisha mikono ya gauni lake. "Nyundo kwanza."