Kabati la Mzee Binali

Nyiramahirwe alikuwa anachemsha maziwa huko Newburg, mtaa wa Louisville, nyumbani kwa Mzee Binali, mgonjwa anayemhudumia, kabati la makoti likafunguka, akatoka bibi mwenye ndoo, viatu vimejaa theluji. Louisville ilikuwa Julai. Nyiramahirwe akapangusa sakafu, akasema karibu.

Bibi aliitwa Eteri. Alitoka kijiji kidogo cha milima ya Kaukazi, na aliishi katika nyumba alimozaliwa Mzee Binali. Kabati likishafunguka, lugha haikumsumbua mtu.

"Mwambie atoke kwangu kule!" mzee alifoka kitandani. Alikuwa mtoto wakati askari walipopakia kijiji chao kizima kwenye treni, wasirudi tena. Supu iliachwa mezani.

"Niliikuta, imeganda," Eteri alisema. "Nami nilikuwa mtoto. Askari hao hao walitutoa kwetu, wakatupakia kwenye malori, wakatushusha pale. Mama alikataa kulala kwenye kitanda cha watu."

Nyiramahirwe hawezi kukaa na swali moyoni. "Na sasa muko wangapi kule?"

"Vijana wamehamia mjini. Nimebaki mimi na ng'ombe mmoja."

Ng'ombe mmoja! Uchungu ulimshika kweli Nyiramahirwe, mtoto wa wafugaji. Kwao, kule juu milimani Kivu Kusini, aliyekunywa maziwa ya nyumba hawezi tena kuwa adui wake. Mzee mwenyewe alishasimuliwa hayo mara nyingi. Bila kufikiri akamjazia Eteri kikombe, tena kikombe cha mzee. Eteri akanywa chote.

"Mama wee, umefanya nini?" mzee alifoka. "Nilikuwa bado namdai nyumba yangu!"

"Bon, mzee, unisamehe. Mikono ilitangulia."

Tangu hapo Eteri huja kila asubuhi. Mzee humuuliza kama mpeasi wa uani bado unazaa, huambiwa unazaa. Humuuliza atahama lini. "Nihamie wapi?" hujibu Eteri, na mzee hugeukia ukutani.

Siku moja Nyiramahirwe akauliza lake. Kijiji chao kilichomwa, akakimbia, akaacha kaburi la mama yake nyuma ya nyumba. "Kwetu kunakaa nani sasa? Wamelilima lile kaburi?"

"Hayo atakuambia anayekaa pale," Eteri alisema. "Wa kwako bado hajaja."

Basi jioni, akirudi kwake mtaa wa Okolona, Nyiramahirwe huchemsha maziwa, humimina vikombe viwili, huacha kabati lake wazi. Hata akija yule aliyewasha moto, atakunywa, mradi aseme habari za kaburi. Ndani mna makoti tu. Maziwa yakipoa, hunywa vikombe vyote viwili na kuviosha.