Usingizi wa Foleni

Mama Pacha aliingia chumbani asubuhi, unga wa kiwandani bado uko kwenye nyusi, na papo hapo pacha wake wakaamka. Ndivyo nyumba ile ilivyoendeshwa: mama akitaka kulala, taifa zima linaamka. Mmoja alitaka uji. Mwingine alitaka uji wa yule wa kwanza. Nyuma ya ukuta, fundi wa mageti akawasha mashine yake ya kukatia vyuma, kwa bidii ya mtu aliyelala vizuri.

Aliwanywesha, akawaosha, akawavusha ukumbini mpaka kwa wifi yake.

"Leo tena hulali?" wifi aliuliza.

"Naenda kwa daktari akaniandikie nilale."

"Makubwa! Kulala nako siku hizi kunaandikiwa?"

Kunaandikiwa. Mama Pacha alikuwa wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, na kazi yake ilikuwa kusukuma mikate kwenye visu vya mashine ya kuikata. Juzi alisinzia akiwa amesimama. Kisu kikachukua ncha ya glavu, na bahati tu ikabakiza kidole. Alipomwomba msimamizi amhamishie zamu ya mchana, akajibiwa kwamba zamu ya mchana si peremende za kugawiwa kila anayelia. Alete cheti cha daktari chenye muhuri, na akilete leo, kwa sababu orodha mpya ya zamu inabandikwa jioni, kisha haiguswi mpaka mwakani.

Zahanati ilikuwa na daktari mmoja na benchi moja refu. Aliye karibu na mlango akiitwa ndani, wote waliobaki wanasogea nafasi moja, na kwa miaka mingi ya kusogea huku, makalio ya wananchi yalikuwa yamelisugua benchi hilo likang'aa kuliko kitu kingine chochote cha serikali. Mama Pacha alipata nafasi mwishoni kabisa, baada ya bibi mwenye kikohozi, na nyuma yake akaja kuketi fundi viatu aliyefungwa bandeji kwenye kidole gumba.

Kabla hajatulia, akatokea afisa wa afya akiwa na kipaza sauti. Somo la siku hiyo lilikuwa faida za usingizi.

"Ndugu wananchi," alianza, kwa sauti nzito, laini, isiyo na haraka. "Usingizi ni dawa. Unapolala vizuri, moyo unapumzika, presha inatulia, kinga ya mwili inaimarika. Asiyelala husahau, hukasirika ovyo, huugua mara kwa mara. Mtu mzima alale saa saba au nane, kwenye chumba chenye giza na utulivu."

"Mheshimiwa," fundi viatu akanyoosha mkono wenye bandeji, "giza ninalo. Umeme walikata. Huo utulivu ndio unauzwa wapi?"

Benchi zima likacheka. Afisa akasubiri kicheko kiishe, kisha akaendelea kwa sauti ile ile. Zima taa mapema. Vuta pumzi polepole. Legeza mabega. Acha mawazo ya kazi kazini.

Katika historia ya mihadhara ya afya, ni nadra mhadhara kutiiwa haraka namna ile. Mama Pacha alivuta pumzi, akalegeza mabega, na kichwa chake kikaenda taratibu mpaka kwenye bega la bibi.

"Huyu vipi?" fundi viatu akanong'ona. "Nimwamshe?"

"Mguse uone," bibi akasema, akimeza kikohozi chake. "Humwoni alivyochoka? Hata mwanangu wa kumzaa hajawahi kunilalia hivi."

Wakawa wanasogea naye. Mlango ukifunguliwa, fundi anasukuma taratibu upande huu, bibi anapokea upande ule, na Mama Pacha anateleza kwenye benchi lile linalong'aa bila hata kukunja uso. Mtoto akilia, mama yake anazibwa mdomo yeye kwanza. Bibi aliiacha zamu yake ipite, na nesi alipochungulia na daftari lake na kumwita mwenye shida ya usingizi, ilikuwa zamu ya Mama Pacha. Benchi zima likaweka vidole midomoni.

"Amelala. Apite mwingine," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Daktari si yupo? Hakimbii."

Akapita mwingine. Akapita bibi mwenyewe, akatoka, akarudi kuketi ili bega lisikosekane. Akapita na fundi. Kisha daktari akatoka, koti mkononi, macho mekundu, akiburuta viatu kama mtu aliyekesha wodini, na kweli alikesha. Nesi akatia kufuli.

Mama Pacha aliamka mwenyewe. Kwa muda mfupi hakujua yuko wapi, na alijisikia vizuri mno: kichwa chepesi, shingo haiumi, moyo umetulia. Kisha akaona kufuli.

"Nimefika wapi kwenye foleni?"



"Tulikulinda, mwanangu," bibi akasema, sasa kwa wasiwasi. "Hakuna aliyekugusa."

"Mbona hukuniita?" akamwuliza nesi.

"Niliita mwenye shida ya usingizi. Wakaniambia amelala. Nikaona basi, kapona. Rudi wiki ijayo."

Mama Pacha akamtazama bibi. Kwenye kitambaa cha bega lake palikuwa na alama ya mate. Akaipangusa kwa kiganja.

"Asante, bibi," akasema, akaondoka haraka.

Jioni msimamizi alikuwa amesimama langoni na orodha yake na gundi.

"Cheti?"

"Daktari aliondoka kabla sijamwona."

Msimamizi akamtazama usoni, akainama amwone vizuri zaidi. "Macho meupe. Uso umenawiri. Mama, wewe unaumwa nini hasa?"

"Leo nimelala kidogo."

"Si unaona? Kumbe unaweza." Akabandika orodha, akaibonyeza pembe zote, akaenda zake nyumbani kulala.

Mwenzake wa mashine, mpakiaji waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa ameshafunga kilemba. Mama Pacha akavaa glavu.

"Redio, leo niongeleshe. Usininyamazie hata kidogo."

"Nikuongeleshe nini? Umbea wote nilimaliza jana."

"Basi nitukane."

"Haya. Sura kama andazi lililokaliwa."

"Ongeza."

"Miguu kama ya meza ya kuazima. Na wanao, siku wakijua kuhesabu, watakudai usingizi wao."

Mama Pacha akacheka, akasukuma mkate, mikono ikiwa macho. Redio akaendelea kwa ufundi mkubwa, akamtukana kisigino, pua na ukoo wa mumewe. Usiku ukawa mrefu. Tanuri likazidi kutema mikate, na Redio, ambaye naye hakuwa amelala mchana ule, akaanza kurudia matusi yale yale, kila moja kwa sauti ndogo kuliko lililotangulia.