Mtihani Alioufeli Akiwa Wodini

Karani wa dirishani hakuinua hata kichwa. Alipitisha kidole kwenye orodha, akakisimamisha katikati ya ukurasa.

"Wewe ulishafanya mwaka jana. Ukafeli. Masomo sita, sifuri sita."

"Nilifanya nini?"

"Mtihani, mama. Serikali humlipia mtu mara moja tu. Ukitaka kurudia, jilipie mwenyewe au usubiri miaka miwili. Usajili unafungwa Ijumaa. Anayefuata!"

Sindano alibaki ameshika ukingo wa dirisha mpaka mtu wa nyuma akamsogeza kwa bega. Jina hilo la Sindano alipewa na mafundi wenzake wa cherehani, kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya kupinda sare za shule, likamganda, hata mumewe akawa anamwita hivyo. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala fofofo, mate yakimlowesha mama yake shingo. Na hilo ndilo lililomkata maini. Siku ya kwanza ya mtihani huo wa mwaka jana, ambao hakuwa hata amejiandikisha kuufanya, Sindano alikuwa wodini, ameng'ang'ania chuma cha kitanda, akimzaa huyu huyu anayemdondoshea mate. Angekuwaje tena kwenye chumba cha mtihani?

Miaka mitatu alikuwa akiondoka kwenye cherehani jua likiwa bado juu ya mapaa, anakwenda kusoma katika kituo cha elimu ya watu wazima. Alikuwa anataka cheti cha sekondari, ili apokelewe chuo cha ufundi, siku moja asimame mbele ya wasichana awafundishe kukata kola. Serikali ndiyo iliyokilipa kituo, kwa kila mwanafunzi anayehudhuria na kila anayefanya mtihani. Hayo yote Sindano aliyajua. Asilolijua ni kwamba mtu anaweza kulipiwa akiwa hayupo.

Alikwenda kwanza kwa mkuu wa kituo, kama mtu mwenye adabu anavyofanya.

"Aa, mzazi wetu! Hongera," alisema mkuu. Alikuwa anajikuna ndani ya sikio kwa ufunguo mdogo. "Hayo ni mambo ya kompyuta. Wewe andika malalamiko yako, tumbukiza kwenye sanduku la maoni, yatashughulikiwa."

Sanduku lilikuwa ukutani, nje ya mlango wake. Sindano alilitazama lile kufuli dogo, akautazama ufunguo uliokuwa sikioni, akaaga.

Jumanne alikwenda kwenye jengo la ofisi za elimu. Chini walimwambia wao wanashughulika na walimu, si wanafunzi, apande ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya kwanza walimwambia wao wanapokea matokeo tu, yakija sifuri wanaandika sifuri, apande ofisi ya ruzuku, ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu dada mmoja mwenye sauti ya upole alimuuliza, "Ulishapeleka malalamiko kwenye kituo chako?"

"Wao ndio ninaowalalamikia."

"Ndiyo, lakini utaratibu ni lazima uanzie kwao."

Akapewa na namba ya simu ya bure. Alipiga akiwa ameketi kwenye ngazi. Sauti ikamwambia abonyeze moja, akabonyeza. Abonyeze tatu, akabonyeza. Kisha muziki ukaanza, ukapiga mpaka simu ikazimika yenyewe kwa kuishiwa chaji. Mtoto aliamka akalia. Sindano naye alitamani kulia, ila alijiona hana hata nguvu ya kutafuta leso.

Aliyemfungua macho alikuwa mama wa fotokopi, aliyekuwa na mashine yake chini ya turubai, pale langoni. Sindano alikuwa amekwenda kutoa nakala ya kadi ya kliniki ya mtoto, yenye tarehe na saa ya kuzaliwa. Yule mama aliisoma bila aibu, kama alivyosoma karatasi zote zilizopita mikononi mwake.

"Hii unampelekea nani, mwanangu?"

"Hata sijui, mama. Nimepanda nimeshuka, nimeshuka nimepanda."

Akamweleza. Mama wa fotokopi akatikisa kichwa huku mashine ikinguruma.

"Mimi hapa mwaka wa kumi na moja. Malalamiko ya jengo hili lote nayatoa nakala mimi. Ya mwalimu mlevi yanakwenda chini. Ya cheti kilichokosewa jina, ghorofa ya kwanza. Lakini mtu akila pesa ya masomo ya serikali, hayo hayaendi kwa wenye masomo. Yanakwenda kwa mkaguzi. Pita nyuma, baada ya stoo ya madawati mabovu. Mlango hauna kibao."

"Kwa nini hauna?"

"Kiliibwa."

Sindano alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kuchoka, kikaishia puani.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima aliyevaa sweta lililotoboka kiwiko. Alimpa kiti, akaisoma kadi ya kliniki mbele na nyuma, kisha akainuka bila kusema neno akavuta faili kabatini. Lilikuwa faili la mahudhurio ya kituo chao. Alilifungua, akaliweka mbele ya Sindano.

"Tazama wiki hii uliyojifungua. Jumatatu umesaini. Jumanne umesaini. Ijumaa pia. Na miezi miwili iliyofuata yote. Ulikuwepo?"

Sindano alizisogelea zile saini. Aliujua mkono ule. Ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu, uliojikunja kama mkia wa paka, ilikuwa ya wifi yake, aliyesoma naye darasa moja.

Darasani kwao jambo hilo waliliita kubebana. Daftari la mahudhurio lilizungushwa meza kwa meza, na kila mtu alikuwa na mwenzake wa kumbeba. Dereva akipata safari, mlinzi anamsainia. Mfua nguo akiuguliwa, mpishi anamsainia. Maana ukikosa vipindi vingi ulifutwa, na hakuna mle ndani ambaye hakuwa na jiko, au bosi, au mgonjwa. Mwalimu aliona, akageuka kufuta ubao. Lilikuwa jambo la huruma, na hakuna aliyewahi kuliita jina baya.

"Saini ya chumba cha mtihani ni mkono mwingine," alisema mkaguzi. "Huyo nitamtafuta mwenyewe. Lakini mkuu wenu atafungua daftari hili aseme, huyu alikuwepo wiki nzima, kadi ya kliniki ni ya kughushi. Mpaka aliyesaini hapa aje aseme ni yeye, malalamiko yako yatakugeukia wewe mwenyewe."

"Atafanywa nini akija?"

Mkaguzi alivua miwani akajifinya macho. "Sitakudanganya, binti. Sijui. Na wewe hujawahi kumsainia mtu?"

Angesema hapana, nani angejua?

"Nimemsainia," alisema Sindano. "Huyo huyo. Siku anazofungua mabelo ya mitumba haji darasani."

Mkaguzi aliandika. Kalamu yake ilikuwa inakatikakatika wino, ikabidi aandike baadhi ya maneno mara mbili.

Jumatano mchana alimkuta wifi yake kibandani, amezama mpaka kiunoni katika lundo la nguo za baridi. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mnene, mwenye sauti ya kuita wateja hata anapokuwa hamwiti mtu.

"Wifi, nimekuja na neno."

"Likiwa la kukopa, mimi nilikufa jana. Mazishi kesho, njoo na sukari."

"Si la kukopa."

"Basi nimefufuka. Kaa hapo, nipe huyo mume wangu nimshike." Alimchukua mtoto, akamweka juu ya rundo la makoti.

Sindano alisema yote bila kupumzika, maana alijua akipumzika atanyamaza. Alipofika kwenye saini, uso wa wifi ukabadilika.

"Yaani mimi nimekubeba na tumbo lako, na uzazi wako, na arobaini yako, halafu wewe unakwenda kunitua polisi?"

"Si polisi, wifi. Ni mkaguzi."

"Mkaguzi ni polisi aliyevaa sweta."

"Umemwona?"

"Wote wanavaa sweta! Ulishanitaja?"

"Bado. Mimi nimejitaja. Nimesema nilikusainia siku za mabelo, jina lako sijalisema."

"Mwenye mabelo pale darasani ni nani, bibi yako?" Wifi alikunja koti, akalikunjua, akalikunja tena. Mteja mmoja aliuliza bei ya blauzi, akajibiwa kwa mkono kwamba apite. "Unajua siku ile uliyojifungua mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umenishika mkono."

"Nilikushika mkono tangu alfajiri. Ukaning'ata hapa, ona. Mtoto akatoka, kaka yangu akaanguka kule nje kama gunia, nikamwinua. Jioni ilipofika nikasema, Sindano akikosa leo watamfuta. Nikaenda. Kwa miguu, nguo yangu ina damu yako. Nikakusainia, nikalala usingizi palepale kwenye dawati mpaka mwalimu akaniamsha. Leo hiyo ndiyo hatia yangu."

"Najua, wifi."

"Hujui." Mtoto alikuwa amekamata kishikizo cha koti anakitafuna, akamtoa kidole kwa kidole. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Na yule bwana wa funguo akakaa ofisini kwake, akaona jina lako limesimama vizuri kwenye daftari, akalipeleka serikalini likalipwa. Akakufanyia na mtihani juu. Kumbe siku ile nilitembea kwa miguu kwenda kumfanyia kazi yeye."

Sindano alimfuta mtoto mate.

"Nenda zako nyumbani," alisema wifi. "Siahidi kitu. Nimechoka, na nikichoka mimi huwa mbaya, muulize kaka yangu."

Alhamisi Sindano aliketi kwenye benchi nje ya ule mlango usio na kibao tangu ofisi zilipofunguliwa. Alijiahidi kusubiri mpaka saa nne. Saa nne ikapita, akajiambia mpaka saa tano. Mkaguzi alitoka mara moja, akamtazama, akarudi ndani. Saa tano na nusu alisikia viatu, na kabla hajageuka akasikia sauti.

"Stoo gani hii, mnaweka madawati au mnaweka panya?"

Wifi alikuwa amevaa gauni jipya la mitumba, mikunjo ya belo bado imesimama mgongoni. Hakumsalimia mtu. Aliingia, akaketi, kiti kikalia.

"Mimi ndiye niliyemsainia huyu. Andika. Lakini andika vizuri, usiniandike kama mwizi. Andika kwamba alikuwa wodini na mimi nilikuwa naye, nikaenda darasani kwa ajili yake. Soma nisikie."

Mkaguzi aliandika, akasoma. Wifi akamrekebisha mara mbili, mara ya pili kwa sababu alikuwa ameruka ile damu. Kisha akasaini, na ule mkia wa paka ukajikunja chini ya karatasi, hakuna awezaye kuukana.

"Wewe mama, ruzuku yako itasimama kwa sasa," mkaguzi alimwambia. "Siku zote ulizosainiwa zitafutwa, na kwa hesabu yangu hazitakuachia za kutosha. Huenda ukarudia muhula mzima."

"Nitarudia," alisema wifi. "Nilishamrudia mume, nitashindwa kurudia muhula?"

Mkaguzi alikohoa, akainamia karatasi mpaka uso ulipomtulia.

"Hamko peke yenu," alisema. "Jana nimepitia faili lote. Wako wengine kumi na mmoja waliofanyiwa mtihani. Wawili kati yao ni marehemu."

"Nao wamefeli?" wifi aliuliza.

"Mmoja amefaulu."

Hawakujua wacheke au wasikitike. Uchunguzi, alisema, ungechukua siku tisini, huenda zaidi, na mkuu wa kituo alikuwa na marafiki. Asingeweza kuwaahidi mwisho wake. Alichoweza siku ile ni barua moja fupi, kwamba mwombaji huyu aruhusiwe kusajiliwa bila kujilipia wakati malalamiko yake yanachunguzwa. Aliipiga muhuri mara tatu, maana wino wa muhuri nao ulikuwa umekauka.

Nje wifi alimkumbatia Sindano kwa mkono mmoja, akasema ana belo halijafunguliwa, akaondoka haraka. Alitembea akiwa amenyooka mpaka langoni. Baada ya lango mabega yakashuka. Sindano aliona.

Ijumaa foleni ya dirishani ilikuwa imefika barabarani. Ilipofika zamu yake, karani aliisoma barua, akaisoma tena, akainuka akaenda nayo ndani. Alikaa huko muda mrefu. Watu wa nyuma wakaanza kuguna, mtoto akaanza kulia, mmoja akasema kina mama wenye watoto wangepewa siku yao. Sindano alisimama tu. Miguu ilikuwa inamuuma mpaka kwenye nyonga, lakini alijua akiondoka pale dirishani hatarudi tena.

Karani akarudi, akampa kipande cha karatasi chenye namba ya mtihani.

"Wiki saba kutoka Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Ukichelewa hakuna wa kukufungulia."

"Asante, kaka."

Alitoka, akatafuta ngazi yenye kivuli, akakaa. Hisabati zote zilikuwa zimemtoka kichwani mwaka ule, na wifi, aliyekuwa akimwelekeza milinganyo, asingekuwepo darasani mpaka ruzuku yake irudi. Alimpa mtoto ziwa, akatoa kitabu chini ya nepi kwenye mkoba, akatafuta ukurasa. Alisoma swali la kwanza mara nne kabla halijaingia. Halafu likaingia kidogo.