Mgongo wa Mwalimu wa Ushonaji

Kila siku saa nne asubuhi, baada ya chai, mwalimu wa ushonaji alitandaza kitambaa juu ya meza kubwa, akakilainisha kwa kiganja, akachukua mkasi, kisha akawageuzia wanafunzi wake mgongo.

Kushona aliwafundisha bila choyo. Aliwashika vidole, akawafumulia mishono iliyopinda, akawarudisha mwanzo mara kumi bila kununa. Lakini kukata, hapana. Anayejua kukata ndiye fundi. Anayejua kushona tu hukaa nyuma ya cherehani akingoja vipande vya mwenzake. Ikifika saa ya kukata, mgongo wa mwalimu ulikuwa mpana kama mlango, na mlango ulikuwa umefungwa.

Hakuwa mtu mbaya. Mama Pacha, aliyekaa kiti cha mbele, aliliona hilo mapema. Wanafunzi walipoondoka, mwalimu alibaki akiwanolea mikasi yao mmoja mmoja, na asubuhi kila mtu alikuta wake umepakwa mafuta, umelala mahali pake. Mtu wa namna hiyo hafichi kitu kwa roho mbaya. Ana sababu yake.

Mama Pacha alikuwa na miaka arobaini na miwili, na watoto mapacha waliokuwa wakimuuliza kila jioni kama ameshakuwa fundi. Chuo kilitoa vyeti vya aina mbili. Aliyeweza kukata na kushona koti zima peke yake alipewa cha Fundi Kamili. Aliyeweza kushona alichokatiwa alipewa cha Fundi Msaidizi. Darasa lile halikuwahi kutoa Fundi Kamili hata mmoja. Ndiyo maana jioni Mama Pacha alipiga magoti chini ya meza, akaokota vipande vilivyotupwa na kuvipanga sakafuni, ajaribu kujua kwapa la koti lilikatwaje kwa kutazama kilichobaki. Alipata picha ya kwapa, lakini kwapa lenyewe hakulipata.

Jumatatu moja mgongo wa mwalimu ukawa kioo.

Aligeuka kama kawaida, akainama, na kuanzia mabegani hadi kiunoni akawa anaonekana mpaka ng'ambo. Shati nalo lilikuwa kioo hapo hapo. Mbavu hazikuonekana, wala moyo, wala chai aliyotoka kunywa. Ilionekana meza, kitambaa, chaki, na mikono yake miwili ikifanya kazi.

"Mama Pacha, sogea, kichwa chako kinanizibia," alisema Sindano, msichana mwembamba mwenye ulimi wa kuchoma.

"Njoo ukae hapa, mwanangu. Kiti kinatosha."

Wakakaa wawili kwenye kiti kimoja, nusu kwa nusu, wakaliona kwapa likikatwa mwanzo hadi mwisho. Mkasi ulikuwa ukilala kidogo kwenye ule mpindo. Siri ilikuwa hiyo tu.

Siku ya tatu Mama Pacha aliona si adabu kuendelea kunyamaza.

"Mwalimu, samahani. Mgongo wako unaonyesha."

"Unaonyesha nini?"

"Mikono."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Mwalimu akajipapasa nyuma hadi mkono ulipofika. "Kwapa la juzi mliliona?"

"Tuliliona."

"Na kola?"

"Kola nusu nusu," akajibu Sindano. "Ulikuwa na vumbi la chaki."

Kesho yake alikuja amevaa koti, koti nalo likawa kioo. Akajitanda shuka la kupigia pasi, likawa kioo. Basi akaacha. Kila asubuhi Mama Pacha alilowesha kitambaa laini, akamfuta mgongo taratibu kama anayemfuta mtoto uso, na mwalimu alisimama ametulia akitazama dari.

Ijumaa alikuja mkuu wa chuo. Huyu alikuwa amebandika kila ukuta tangazo lisemalo kwamba walimu na wanafunzi washirikiane. Alimzunguka mwalimu, akamgonga mgongoni kwa ukucha, ukalia kama dirisha.

"Safi sana," akasema. "Huu ndio ushirikiano tunaousema."

Wiki iliyofuata walimu wote waliandikiwa barua wakitakiwa wawe na migongo ya namna hiyo kabla ya mwisho wa mwezi. Mwalimu wa uashi alijaribu kwa moyo wote, akaambulia mafua.

Wanafunzi saba wa ushonaji waliendelea kujifunza. Aliyeona vizuri alimweleza aliyekaa pembeni. Mwezi haujaisha, Mama Pacha alikata koti la karatasi bila kutazama popote, na kila kipande kikapata mwenzake. Alilikunja, akalipeleka nyumbani kuwaonyesha mapacha. Wakalivaa mpaka likachanika.

Asubuhi moja, alipokuwa akifuta, aliona karatasi kwenye mfuko wa shati wa mbele. Maandishi yalikuwa yamegeuka, lakini mshonaji huzoea kutazama vitu kwa upande wa ndani. Alisoma huku mkono ukizunguka. Ilisema mkataba wa mwalimu umeongezwa miezi mitatu, kama ulivyoongezwa miezi mitatu mitatu kwa miaka kumi na tisa. Ilisema pia kwamba utakoma darasa litakapotoa Fundi Kamili, ambaye ndiye atakayeshika nafasi yake. Chini kulikuwa na sahihi ya mkuu wa chuo.

Kitambaa kilisimama.

"Umesoma?" mwalimu akauliza, macho darini.

"Nimesoma."

"Haya. Kalete chaki."

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mikono ya koti. Mwalimu alifungua mkasi hewani, akaufunga, akaufungua tena. Kisha, kabla ya kukata, alisogea hatua mbili kushoto ili jua la dirishani lisiwapige wanafunzi machoni.

Mchana, wakila, Mama Pacha aliwaambia wenzake yaliyoandikwa.

"Mimi nasomeshwa na dada yangu," Sindano akasema. "Anafulia watu nguo mpaka kucha zimeisha. Nirudi nimwambie mimi msaidizi?"

"Na mimi wawili wananingoja."

"Kwa hiyo?"

"Sijasema kitu. Nimesema wananingoja."

"Wewe mama kunyamaza kwako kunakwaruza kuliko maneno." Sindano akatafuna, akameza. "Haya. Ukikosea, utakosea wapi?"

"Kwenye mikono. Nitakata miwili, yote ya kushoto."

"Basi mimi yote ya kulia. Tusije tukaambiwa tumeibiana."

Wakacheka, na wale watano wengine wakaanza kugawana makosa. Mmoja alichukua kola, mwingine akaomba mifuko kwa sababu, alisema, hiyo angeikosea hata bila kuombwa.

Mtihani ulichukua siku mbili. Mtahini alitoka nje ya chuo, mtu mpole mwenye miwani na fomu saba. Mama Pacha alikata mgongo, akakata sehemu za mbele, akakata kola na kwapa bila kusita. Alipofika kwenye mikono, vidole vyake vyenyewe vilitaka kuigeuza karatasi ya kipimo ili mkono wa pili uwe wa kulia, kwa maana vilikuwa vimeshajua. Ilibidi avizuie kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani. Akakata wa kushoto. Akakata wa kushoto mwingine. Hapo ndipo jasho lilipomtoka.

"Mama," mtahini akasema siku ya pili, "mikono hii yote ni ya kushoto."

"Naona, baba."

"Na ya huyu binti yote ni ya kulia."

"Basi hapo hakuna tatizo," Sindano akasema. Akafumua mkono mmoja wa koti lake, Mama Pacha akafumua mmoja wa lake, wakabadilishana, na baada ya nusu saa kulikuwa na makoti mawili mezani, yasiyo na kasoro.

Mtahini alilivaa moja. Akainua mikono, akaishusha, akainama kama anayeokota kitu. Lilimkaa.

"Nani amelikata?"

"Sisi," wakajibu.

Akaichukua fomu, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma. "Hapa pana nafasi ya jina moja tu," alisema, na ilionekana kwamba alikuwa ameitafuta kwa dhati nafasi ya jina la pili. Akaandika Msaidizi kwenye fomu ya Mama Pacha, akaandika Msaidizi kwenye ya Sindano, na kwenye zile tano nyingine pia. Barua ya mwalimu ya miezi mitatu mingine ilikuwa ije Alhamisi, na Alhamisi ilikuja.

Fomu zilipokuwa zikiandikwa, mwalimu alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi wa mtihani. Alipomsikia mtahini akilitamka neno Msaidizi huku akiliandika mara ya saba, aligeuka akaelekea ukutani, wasimwone uso. Uso hawakuuona. Waliona mikono yake imeshika leso mbele ya kifua, ikiikunja mara nne, ikiikunjua, ikiikunja tena kwa mistari iliyonyooka, na hakuna aliyeondoka mpaka ilipotulia.