Uzito Nyuma ya Dereva

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari, akipaka grisi kwenye bushi mpya za mpira, na juu yake shangazi yake aliyekufa alikuwa akilalamikia kiti.

"Hiki kilitengenezwa kwa ajili ya mikoba," alisema. "Mtu mzima magoti yanafika masikioni."

"Vumilia, Shangazi. Nikimaliza hapa nakuja kukisogeza kile cha mbele."

"Cha mbele usikiguse. Nataka mwenye gari akikute kilivyo."

Lilikuwa gari la spoti la zamani, la milango miwili, rangi ya maziwa, lenye umri mkubwa kuliko mwenye gari. Walioliunda waliweka stabilaiza mbele tu. Nyuma hawakuona haja. Ya nyuma aliiagiza mwenye gari: chuma kimoja cha mviringo, kinene kuliko kidole gumba, kilichopindwa kama mpini wa ndoo na kupakwa rangi nyekundu. Kazi yake ni kuyafunga pamoja magurudumu mawili ya nyuma, ili gari likitaka kulalia upande mmoja kwenye kona, upande wa pili ulivute na kulirudisha.

Gari hili lililalia upande wa kulia hata likiwa limesimama.

Mwenyewe alikuwa wakili. Alilileta asubuhi, akaliegesha kwenye sakafu ya saruji, akashuka na kufunga mlango kwa upole, maana ndani kulikuwa na mtu.

"Tatizo ndilo hilo," alimwambia fundi, akionyesha kiti cha nyuma kwa kidevu. "Tangu ile ajali, yule mama hajashuka. Nimemsihi kwa heshima zote. Niling'oa kiti, akakaa kwenye bati, nikakirudisha. Nikikata kona, nyuma kunazama na usukani unakuwa mzito. Nimeambiwa chuma hiki kikifungwa sitamsikia tena."

"Atakuwepo," alisema fundi, "ila hutamsikia."

"Kuwepo awepo tu. Mimi si mtu mbaya." Akainama dirishani. "Mama, nakuacha na fundi. Ni mtu mzuri."

Shangazi aliangalia mbele kama mtu anayesubiri foleni isogee.

Wakili hakujua kuwa hao wawili ni ndugu. Kesi ya ajali ile iliposikilizwa mahakamani, fundi alikaa benchi la mwisho na hakuna aliyemuuliza neno. Wakili alijitetea mwenyewe, tena vizuri. Hukumu ikasema marehemu alivuka barabara bila kuangalia. Shangazi alikuwa mshonaji, na gari hili lilipomgonga alikuwa amesimama kibarazani pa duka lake, pini mdomoni, akipima upindo wa pazia la mteja. Pini hizo alikuwa nazo hadi leo. Alizungumza kwa pembe ya mdomo, kama alivyozungumza maisha yake yote.

Ndiye aliyemlea fundi. Mashati yake ya utotoni yote yalikuwa na maua makubwa, kwa sababu yalitokana na mabaki ya mapazia.

Fundi alifunga vishikio kwenye ekseli, akapandisha chuma, akakitazama. Kila ncha ilikuwa na matundu mawili. Ukifunga tundu la nje, chuma kinakuwa laini. Ukifunga la ndani kinakuwa kigumu, na kwa gari jepesi kama lile kikiwa kigumu mno, mkia wa gari huteleza na kuchomoka kwenye kona yenye maji. Pale mtaani fundi aliitwa Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kumhukumu mtu kwa haraka. Ila wakili huyu, fundi alikuwa amemhukumu siku nyingi.

"Nafunga la ndani," alisema. "Mvua ya kwanza tu, mkia utamchomoka."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Halafu atakuja huku, mwanangu. Na ule mdomo wake. Mahakamani kulikuwa na saa ukutani na bado hakumaliza. Huku hakuna saa. Mimi simtaki huku."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka azeeke. Meno yamtoke mojamoja, nami nipo hapa nyuma nayahesabu. Funga la nje."

Akafunga la nje.

Fundi wa matairi, wa karakana ya pili, aliingia kuazima jeki. Akaona mtu garini.

"Shikamoo, Shangazi. Bado umo humo?"

"Marahaba. Niende wapi? Ile suruali ilikutosha?"

"Ilinibana kiunoni kidogo. Lakini ulikuwa umeshakufa, nikaona si vizuri kulalamika."

"Ni tumbo lako hilo. Mshono wangu usiusingizie."

Akacheka, akachukua jeki, akaenda zake.

Ilibaki kukaza. Boliti zinazobana bushi za mpira hazikazwi gari likiwa limening'inia. Unazishikiza kwa vidole, unashusha gari likae kwa magurudumu yake na mzigo wake wa kawaida, ndipo unaleta spana. Mpira uliobanwa chini ya mzigo huuhesabu mzigo huo kuwa ndiyo hali yake. Fundi alijifunza hivyo kwa kuharibu, miaka ya mwanzo, na tangu hapo hakuwahi kukiuka.

Alitoka chini ya gari, akachuchumaa karibu na dirisha.

"Shangazi, sikiliza. Ukishuka nikakaza gari likiwa tupu, hatakusikia tena. Utakaa humo wee, utachoka, utaondoka. Utapumzika kama wenzako."

"Na nikibaki?"

"Nikikaza ukiwa umekaa, litakuhesabu. Kila tuta, kila kona, atakusikia mgongoni mwake. Lakini anayehesabiwa hivyo, hata akitaka kushuka, gari halimwachii."

Shangazi alihamisha pini kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine.

"Cherehani yangu iko kwa nani?"

"Kwa mke wangu."

"Anaitia mafuta?"

"Anaitia."

"Basi huko kupumzika sina kazi nako. Shusha gari."

Fundi hakushusha. Alikuwa akifuta spana ambayo ilikuwa safi.

"Kisasi kirefu hivyo kitakuchosha wewe kabla yake."

"Mimi nimekufa, baba. Nitachoshwa na nini? Shusha."

Akashusha. Upande wa kulia ulizama palepale ulipozoea. Fundi alitandika boksi lililokunjuliwa, akajisukuma chini, akakaza vishikio na kiungo cha kushoto. Alipofika kiungo cha kulia, nati ya mwisho, akasimamisha mkono.

"Nini tena?" aliuliza Shangazi.

"Mzigo wa kawaida wa gari hili ni watu wawili."

"Kaa wewe, mwite yule wa matairi akaze."

"Mimi mwepesi. Tena si mimi ninayeliendesha."

Shangazi alifikiri, kisha akacheka kidogo, kwa uangalifu, kwa sababu ya pini.

Fundi alifuta mikono, akampigia wakili simu.

"Bosi, kazi imebaki kidogo. Kesho asubuhi nitakuomba ukae kwenye kiti chako wakati nakaza nati ya mwisho. Ukae wima, usijitingishe, mpaka niseme."

"Hilo tu? Itachukua muda?"

"Kukaza? Hapana."

"Na yule mama?"

"Yeye keshakaa."

Wakili alishukuru, akasema angepita kabla ya kwenda mahakamani, ana kesi ya mtu aliyegongwa. Hakuuliza zaidi.

Fundi aliikaza nati ile kwa vidole tu, akaning'iniza spana juu yake ili kesho asiitafute. Akamletea Shangazi mto mdogo wa kuwekea mgongo, wa kitambaa cha maua makubwa. Shangazi aliugeuza, akaukagua mshono.

"Nani kashona huu?"

"Mke wangu."

"Mwambie akaze uzi."

Akaahidi kumwambia. Kisha akazima taa, akatoka, akafunga mlango wa karakana kwa upole, maana ndani kulikuwa na mtu.