Chaneli Moja, Flashi Mbili

Mgeni aliingia bila hodi, akiburuza masanduku mawili ya magurudumu, miwani ya jua kichwani ingawa ukumbi wa kiwanda haukuwa na jua la kumsumbua mtu. Mpiga picha hakumjali. Alikuwa akimwekea sawa kilemba Mama Pasi, aliyenyoosha mashati ya kiwanda hicho kwa miaka thelathini na mmoja. Leo alikuwa anastaafu.

"Usikaze sana hilo tabasamu, mama. Hatuuzi dawa ya meno."

"Ukinichekesha, binti, nitatoka kama nalia. Na nikifumba macho je?"

"Tutarudia. Utaondoka na picha yako mkononi, nakuahidi."

Picha pekee aliyokuwa nayo Mama Pasi ilikuwa ya kitambulisho, shavu limevimba kwa jino. Alitaka moja ya kutundika sebuleni, kando ya marehemu mumewe, akiwa ndani ya gauni lake na si ovaroli. "Wajukuu wasije wakanijua kwa jino," alisema.

Flashi ya mpiga picha ilikuwa moja tu, juu ya stendi, nyuma ya mwavuli mweupe. Haikuwa na waya. Iliamriwa na triga, kidude kilichokaa juu ya kamera, nayo ikitii papo hapo. Lakini kabla binti hajabonyeza chochote, flashi ikawaka. Mama Pasi akaruka. Ikawaka tena, na tena.

"Imepagawa hiyo!" akasema fundi cherehani mmoja kwenye foleni ya kupigwa picha. Watu wakaangua kicheko.

Haikuwa imepagawa. Upande wa pili wa ukumbi mgeni, naye mpiga picha, alikuwa akijaribu taa zake mbele ya kiti cha mkurugenzi. Triga yake ilikuwa ya aina ileile, nayo ilikuwa kwenye chaneli namba moja kama ya binti. Kila alipobonyeza yeye, flashi ya binti nayo iliitikia.

Binti akamwendea. "Samahani, kaka. Triga zetu zinaingiliana. Naomba uhamie chaneli ya pili. Yangu swichi imevunjika, imegandia moja."

"Mimi nimetumwa na makao makuu, dada. Zima kidude chako."

"Ni kubonyeza mara moja tu."

"Sibonyezi. Na ukipiga wewe, taa zangu zinawaka. Unanichafulia kazi."

Damu ilimpanda binti mpaka masikioni. Mara moja tu! Kidole kimoja, sekunde mbili! Akamtafuta afisa utumishi, aliyempa kazi hii na kumwahidi nyingine za mwaka mzima.

"Sikiliza, mdogo wangu," afisa alisema bila kuinua macho kwenye simu yake. "Mkurugenzi anaingia saa sita. Hawa wengine watapigana picha kwa simu zao. Wewe utamshikia mgeni mwavuli wa taa."

"Na Mama Pasi? Gari la wastaafu linaondoka saa sita hiyo hiyo."

"Ukitoka humu ukumbini, zile kazi tulizoongea zisahau."

Mkurugenzi! Korido nzima ilijaa sura yake: akikata utepe, akipanda mti, akinywa chai. Na huyu aliyesimama kwenye mvuke tangu binti hajazaliwa, ndiye wa kupigwa picha kwa simu?

Mama Pasi alikuwa amesikia. "Acha, mwanangu. Usiharibu riziki yako kwa ajili ya uso huu."

"Uso huu ndio ulionileta, mama. Twende."

Waliingia stoo ya vitambaa, chumba kisicho na dirisha. Binti aliing'oa flashi kwenye kipokezi chake cha amri za triga ili asiwepo wa kuiamuru tena, akaiweka kamera juu ya majora ya kitambaa.

"Nikizima taa, kamera itafumbua jicho kwa sekunde nne. Ndani ya hizo nitaiwasha flashi kwa kidole changu mwenyewe."

"Kwa hiyo nisipumue?"

"Pumua, mama. Usitembee tu."

Mara ya kwanza binti alijikwaa kwenye jora akaimulika dari. Mara ya pili Mama Pasi alicheka, akatoka amefumba macho. Huko ukumbini makofi yalianza, mkurugenzi ameingia. Nje, dereva akapiga honi.

"Mara ya mwisho, mama."

Giza. Mwanga. Kwenye kioo cha kamera akatokea mwanamke aliyetulia, kidevu juu, gauni limenyooka bila kunyanzi hata moja.

"Kumbe niko hivi," Mama Pasi alisema polepole.

Binti akaunganisha printa yake ndogo. Karatasi ilianza kutoka, taratibu kama inayoona aibu. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo: afisa utumishi.

"Mgeni anasubiri mtu wa mwavuli. Unakuja au huji?"

Binti hakuutoa mkono kwenye printa. "Karatasi haijatoka yote."

"Basi tusijuane."

"Sawa. Lakini na wewe ulivaa mashati aliyoyanyoosha huyu."

Mlango ukabamizwa. Honi ikalia tena. Karatasi ikatoka ukingo wa mwisho. Binti akaipepea kidogo, akamkabidhi Mama Pasi.

"Ishike pembeni, mama. Bado mbichi."